Kitabu Kilichonukia Udi

Leo nimefukiza nguo zangu za Sikukuu, na moshi wa udi ulipopanda nikamkumbuka kaka yangu na kile kitabu chake.

Siku ile, nilipokuwa mdogo, Bibi alikuwa akitandaza kanzu za kaka juu ya tenga la kufukizia, chini yake chetezo cha makaa mekundu. Kitabu cha Kiingereza kikadondoka kutoka kwenye mikunjo.

"Hichi nini? Hebu nisomee," akaniambia, maana Kiingereza hakijui.

Na mimi, mtoto nisiye na akili, nikamfasiria ukurasa uliofunuka: kijana wa skuli anampenda kijana mwenzake, na sasa anamwambia mama yake. Hapo ndipo nilipofahamu nnachokisema, na kwa nini kaka alikificha. Nikayatazama makaa. Nilijua kitabu kitaungua, na kaka atafukuzwa nyumbani.

"Mamake kamfanya nini?" Bibi akauliza.

Nikafunua ukurasa uliofuata. "Kamkumbatia, Bibi. Kamwambia, 'Wewe ni mwanangu tu.'"

Bibi akaniacha mdomo wazi: akakikunja kitabu ndani ya kanzu, akavifukiza vyote pamoja, akaviweka kabatini kwa kaka.

Adhuhuri kaka alirudi kutoka skuli. Alikitoa kitabu, akakinusa, akakaa kitandani rangi imemtoka. Alijua ni nani anayefukiza nguo nyumbani kwetu.

Mara sauti ya Bibi ikamwita kutoka jikoni: "Njoo ule, baba! Ukoko wote wa wali uupendao nimekuwekea wewe."