Pati Tuu ya Mkanda wa Vumbi

Wenzangu mnaokumbuka enzi za kufuta hedi ya deki ya video kwa kipande cha karatasi ili picha iache kutetemeka, leo nina habari yenu. Hawa vijana wa siku hizi tuwaache kwanza waendelee kupapasa vioo vya simu zao. Filamu wanaianza sasa hivi, baada ya muda kidogo wanaisogeza mbele, wakichoka wanaihama. Sisi filamu tuliita mkanda, na mkanda haukusogezwa mbele hata mahali palipojaa chenga, maana mwenye deki aliogopa utakatika.

Kwetu ni Mkotokuyana, Nachingwea. Mkanda ulitufikia kwa pikapu. Kila msimu wa korosho alikuja kutoka Ruangwa kijana mmoja tuliyemwita Kaka Jenereta, akiwa na televisheni aliyoizungushia godoro kama mgonjwa, pamoja na deki na hilo jenereta lililompa jina. Alikodi banda la udongo, akaziba madirisha kwa magunia, mchana kweupe ndani kukawa giza. Kiingilio kilikuwa kopo la korosho. Ndiyo maana miezi ile baba zetu walikuwa wakisimama chini ya mikorosho na kushangaa, mwaka wenyewe mzuri, mbona gunia halijai?

Kaka Jenereta alikuwa pia mfasiri. Kizungu hakukijua, lakini hilo halikumzuia. Alisimama kando ya televisheni na fimbo ya mtama, mzungu akisema maneno mengi yeye anasema machache, mzungu akisema neno moja yeye anahutubia. "Hapa anamwambia, wewe ulinidhulumu shamba la marehemu baba." Sisi tukaamini. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipojiuliza ni wazungu gani hao waliokuwa wanagombania mikorosho.

Basi mwaka mmoja, ile miaka ya tisini ikielekea ukingoni, akatuletea mkanda wa dunia iliyokwisha. Jina lake hatukulijua, tukauita Mkanda wa Vumbi. Mvua imegoma, miji imezama kwenye mchanga, watu wamebaki wachache, wamejifunga vitambaa usoni na miwani mikubwa machoni, wanapigania kisima kimoja. Kisima kinalindwa na Bosi Chongo, mkuu wa maadui, ana jicho moja na sauti ya kukoboa mahindi. Steringi, yule mtu mwema ambaye ndiye mwenye mkanda, amevaa koti refu na anataka maji kwa ajili ya watoto yatima.

Nilirudi nyumbani mbio, nikamsimulia Bibi kwamba nimeona dunia baada ya mwisho wake, watu wanaamka alfajiri kwenda kugombania maji ya tope na vumbi limewajaa mpaka kwenye kope. Bibi alikuwa anapepeta ufuta. Hata ungo hakuusimamisha.

"Wewe Somoe, kisima chetu cha mbugani unakijua?"

"Ninakijua, Bibi."

"Basi dunia ilikwisha zamani, mjukuu wangu. Hao wazungu ndiyo kwanza wanapata habari."

Mkanda wenyewe ulitutenda. Mwishoni Steringi amesimama ukingoni mwa kisima, Bosi Chongo anamsukuma, Steringi anatumbukia, tunasubiri aibuke, mara muziki, mara maandishi. Kukazuka zogo. Sheria ilijulikana hata kwa watoto wa kubebwa mgongoni kwamba steringi hafi! Watu wazima walidai korosho zao. Kaka Jenereta akapanda juu ya benchi akaapa kwamba kuna pati tuu, yaani sehemu ya pili, tena imeshafika Lindi, inasubiri basi tu.

Wiki ile hatukuiona. Msimu ukaisha, akaondoka na godoro lake. Mahindi yakakomaa, ufuta ukavunwa, kila basi tulilipokea kama wakwe, lakini pati tuu haikushuka. Likizo ya mwezi wa sita ilipokaribia binamu yangu Bakari, mtoto wa shangazi yangu, akasema maneno ya kiume: "Kama haiji, tutaicheza wenyewe."

Na vifaa vilikuwepo! Huo ulikuwa ndio mwanzo wa msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Nani kati yenu amesahau? Unga wa njano juu ya majani, juu ya mapaa, juu ya kuku. Baba zetu walitoka shambani wamevaa makoti marefu, vitambaa puani, miwani ya plastiki machoni, mgongoni mashine yenye bomba refu linalonguruma. Kulikuwa na haja gani ya kwenda Ulaya kutafuta dunia iliyokwisha? Tuliazima makoti mabovu, miwani iliyochakaa na mashine iliyokufa. Kisima cha Bosi Chongo kikawa shimo la kufyatulia matofali nyuma ya nyumba ya shangazi. Mama alinipa onyo moja tu: "Ukirudi na salfa kichwani utalala na mbuzi." Nililala na mbuzi. Si wabaya, isipokuwa wanacheua.

Sasa tatizo. Bakari alijichagua kuwa Steringi, kama alivyokuwa steringi wa kila kitu. Huyu kijana alikuwa hafi. Umpige risasi ya kidole kifuani, anakuambia imepita kwapani. Umkate panga la mti wa muhogo, anakuambia amevaa chuma kwa ndani. Mimi nilipewa cheo cha demu wa Steringi, kazi yangu kutekwa na kulia. Nililia vizuri, sikatai, lakini moyoni nilikuwa nawaka. Niliujua mkanda ule kuliko wote. Nilijua Steringi anavyoinua koti kabla ya kupigana, anavyotema mate kabla ya kusema. Nilimwomba Bakari anipishe, akacheka mpaka akakaa chini. "Somoe, umeona wapi steringi amesuka?"

Dawa ya kiburi ikatoka kwa wazee. Asubuhi moja tulikwenda kwenye shimo tukakuta hakuna Steringi, hakuna Bosi Chongo, hakuna hata adui mmoja. Wavulana wote wa rika la Bakari walikuwa wamechukuliwa alfajiri kwenda jandoni. Dunia ilikuwa imekwisha kwa mara nyingine! Tulibaki wasichana, watoto wa vidudu, na Thomasi, ambaye wazazi wake walitoka Msumbiji na ambaye kwao mambo hayo walikuwa wameyamaliza mwaka wa nyuma. Thomasi hakutaka kuigiza. Alitaka kuwa mfasiri, kwa sababu mfasiri ndiye anayeshika fimbo.

Basi nikavaa koti. Nilijikwaa nalo siku nzima, maana lilikuwa la baba, lakini nilikuwa Steringi. Bosi Chongo tukampa mdogo wangu Shaibu, mwenye miaka sita. Tulifanya mazoezi wiki nyingi. Steringi hakufa kisimani, aliangukia kwenye pango, amerudi kulipiza. Mazungumzo yote yalikuwa Kizungu chetu wenyewe, "wosh wosh mani, kam goo", na Thomasi anafasiri. Kasoro ilikuwa Shaibu. Kila nikimgusa na panga la muhogo analia kweli, kisha Thomasi analazimika kufasiri: "Bosi Chongo anasema anamtaka mama yake."

Siku ya wavulana kutoka jandoni ikawa sherehe kubwa. Wageni wakaja kutoka Ruangwa, wengine Namungo, ngoma zikalia, masufuria ya pilau yakapangwa uwanjani kwa shangazi. Na wali wakaletwa, ndivyo walivyoitwa waliotoka jandoni, wamevaa mashati mapya meupe, miwani myeusi, wakaketishwa kwenye mkeka chini ya miavuli. Hawacheki, hawageuki. Bakari alikuwa katikati yao, ila hakuwa Bakari tena. Alikuwa amepewa jina la babu yake, Rashidi, na kumwita kwa jina la utotoni ilikuwa tusi. Nilipita mbele yake mara tatu nikitikisa koti. Hakutikisika. Nilihisi kama nimefiwa, nawaambieni ukweli.

Shangazi ndiye aliyetuombea nafasi wakati nyama inaiva. Watu wakazunguka shimo. Nikaruka ndani, nikainua koti, nikatema mate, nikanguruma: "Bosi Chongo! Wosh mani! Kam!" Thomasi akafasiri. Bosi Chongo hakutokea. Nikaita tena. Kumbe Shaibu alikuwa amesikia harufu ya pilau, na wakati huo yuko jikoni kwa kina mama, ameshika finyango la nyama kwa mikono miwili, dunia iishe isiishe.

Watu wakaanza kucheka. Mtu akasema, "Steringi bila adui, kalime!" Kicheko kikapanda. Nilisimama kwenye lile shimo, koti limeninyonga, miguu imezama kwenye matope, nikaona wiki zote zile zinageuka aibu mbele ya wilaya mbili. Mzee mmoja akapunga mkono, "Basi, watoto tokeni, ngoma iendelee." Machozi yakanijaa kwenye miwani, na miwani ile ilikuwa haina pa kutolea maji.

Ndipo mashine iliponguruma. Si ile yetu iliyokufa. Ilikuwa nzima, ya mjomba, mume wa shangazi, na ilitokea upande wa chooni. Akaja mtu amevaa koti la salfa mpaka visigino, kitambaa usoni, miwani, jicho moja limefunikwa kwa jani la mkorosho. Akapuliza wingu la njano juu ya shimo, kina mama wakakimbia na masufuria, kuku wakapotea. Akazima mashine, akaruka ndani, akatoa hotuba ndefu kwa sauti ya kukoboa mahindi: "Wosh mani goo! Ai kam toki faa! Finishi! Finishi!"

Niliijua ile miguu. Thomasi naye aliijua, maana alichelewa kidogo kufasiri, halafu akainua fimbo.

"Anasema ametoka mbali sana. Anasema huko alikotoka wamemfanya mtu mzima, haruhusiwi kucheza na nyinyi tena. Kwa hiyo leo amekuja mara moja tu."

Watu wakacheka, wakadhani ni mchezo. Mimi nilishika panga langu la muhogo kwa nguvu. Tulipigana pigano ambalo nchi ile haijaliona tena. Alinitupa, nikamtupa, tukapakana matope, na moyoni najiambia sasa nitamchoma na atasema imepita kwapani, halafu sherehe nzima itajua steringi ni nani. Nikamchoma kifuani. Akasimama. Akanitazama kwa jicho lake moja. Kisha akafa.

Jamani, alikufa! Alikufa kwa miguu, akafa kwa mikono, akazunguka akafa kwa mgongo, akainuka kidogo kuaga ukoo wake kwa Kizungu, akafa tena, mwisho akaanguka kifudifudi kwenye tope, chubwi! Vigelegele vikapasua uwanja. Bibi alinitunza kanga papo hapo. Nilipogeuka, marehemu alikuwa ameshatambaa nje ya shimo.

Pale mkekani kungwi, yule mtu mzima aliyekuwa akiwalea jandoni, alikuwa analalamika: "Huyu Rashidi, choo gani kirefu hivi?" Muda si mrefu Rashidi akarudi, miwani myeusi machoni, akaketi, hacheki, hageuki. Shati lilikuwa jeupe mgongoni tu, na masikio yalikuwa ya njano. Shangazi alimtazama mtoto wake, akanitazama mimi. Akalowesha ncha ya kanga kwa mate, akamfuta sikio moja, kisha la pili, akamtupia shuka begani kana kwamba kuna baridi.

Toka siku ile hatukucheza tena. Tulikutana njiani akanisalimia, "Habari za nyumbani, dada?" kama karani wa kijiji, nami nikamjibu kwa heshima zote. Mwaka uliofuata zamu ya kufundwa ikawa yangu, na koti likarudi kwa baba.

Siku hizi Rashidi yuko Ruangwa mjini, anauza vipuri vya pikipiki, kitambi kimetangulia, na timu ya Namungo ikicheza hapatikani dukani. Juzi nilimtembelea nikamkuta mwanawe kajikunja kwenye kochi na simu. Nikachungulia. Vumbi, miwani, watu wanapigania maji! Nikamuuliza, hii ni pati ngapi, akanijibu bila kuinua uso kwamba zipo zote, shangazi, mpaka ya saba, na mchezo wake upo, mtu unajichagulia kuwa steringi.

"Na adui ni nani?"

"Adui ni simu yenyewe."

Nilikaa nikamtazama mtoto yule akishinda. Alishinda mara nyingi sana, peke yake, na kila aliyemuua alianguka vilevile, kwa sababu ndivyo alivyotengenezwa kuanguka. Sikumwonea wivu hata kidogo, na pati zake saba. Adui yangu mimi alikuwa na shati jipya jeupe, alikuwa na mkeka wa heshima na watu wa wilaya mbili waliokuja kumtazama yeye. Angeweza kubaki pale pale akatulia. Akainuka, akaja kufa kwenye matope ili mimi nipigiwe vigelegele.