Mwanzo Niliouandika Ukutani

Nakumbuka Jumapili moja ya miaka ya vita, mwanangu, hapa hapa Kisangani, nilipokosa kwenda kumwona mama yangu kwa sababu ya hatua moja ya sataranji. Jana uliponionyesha mwanzo wako wa ajabu, ule wa kumsogeza hatua mbili askari aliye mbele ya farasi wa upande wa mfalme, ukaniuliza kama unamfaa mwenye kete nyeupe, nilijizuia kucheka. Mwanzo huo naufahamu kuliko unavyodhani.

Mama alikuwa ng'ambo ya mto, Lubunga. Kwa miezi mitatu wenye bunduki walikuwa wamezuia watu kuvuka, na sikujua kama anakula, kama anaumwa. Ndipo padri wetu akapata karatasi ya ruhusa kwa wachezaji wanne, waende kucheza na wenzetu wa kule. Watatu walishapatikana. Nafasi ya nne ilibaki kati yangu na Faustin, tuliyemwita Tonton, yaani mjomba, fundi wa umeme kwenye bwawa la Tshopo, mtu mpole aliyekunywa chai bila sukari. Sukari ilikuwa imepotea mjini, ila yeye alidai hakuipenda tangu utotoni.

Sasa sikia ujinga wangu. Madaftari yalikuwa adimu, kwa hiyo katika ukumbi wa parokia tulikuwa na desturi: mshindi anauandika mchezo wake ukutani kwa chaki ili wenzake wajifunze. Mimi niliandika ili nisifiwe. Mara sita nilishinda kwa mwanzo ule, mara sita nikaujaza ukuta, na jina langu chini kwa herufi kubwa. Mtego ulikuwa mwepesi. Mpinzani anamwona askari wangu amesimama peke yake, anamla kwa furaha, na kwa kufanya hivyo anaacha upande wa pili wazi. Hatua chache baadaye nimeshaila ngome yake kwenye pembe.

Jumapili hiyo, tulipocheza kuamua nani avuke, nilimsogeza askari wangu, nikakunja mikono, nikangoja. Tonton Faustin alimtazama, akanywa chai, akaimarisha kete zake za katikati. Hakumgusa. Nikamngojea tena. Hakumgusa.

"Tonton, haukule?" nilimuuliza, nikimwonyesha askari wangu kwa kidole.

"Mutoto, ule pion nimeusoma ku ukuta mara sita," alisema. "Nitaukula juu ya nini? Donc, cheza."

Sikuwa na la kucheza. Mtego nilikuwa nao, mchezo sikuwa nao. Na mfalme wangu, ambaye nilimwondolea ukuta kwa mkono wangu mwenyewe, alibaki uchi. Kabla chai haijaisha nilikuwa nimeshindwa, na machozi yalinitoka mbele ya watu. Sioni aibu kukuambia.

Tonton alinisubiri nje, akachukua barua niliyomwandikia mama. Alirudi siku ya tatu na samaki wa kukaushwa kutoka kwa mama.

"Mama yako iko muzima," aliniambia. "Ameuliza juu ya nini haukuya kumuona. Nilimuambia ukweli: mutoto yako alipenda watu washangae. Alicheka sana. Bon, sasa kuya nikufundishe namna ya kucheza watu wakisha kushangaa."

Nilifurahi, mwanangu, nikaona haya, nikala samaki, yote kwa pamoja. Njia ilipofunguliwa, nilivuka nikamkuta mama mnene kuliko nilivyomwacha.

Basi jibu langu ni hili. Ucheze mwanzo wako, hasa na marafiki, maana raha nayo ni sehemu ya mchezo. Lakini mwenye nyeupe amepewa zawadi ya kuanza, na wewe unaitoa zawadi hiyo ili upate mshangao wa mara moja. Kabla ya kuitoa, jiulize utafanya nini mtu akikataa kushangaa. Ukiwa na jibu, cheza. Usipokuwa nalo, na kuna mtu anakungoja ng'ambo, anza kwa hatua unayoweza kuitetea hadi mwisho.

Mungu akupe wapinzani wavumilivu na moyo wa kujifunza kwao. Na kila utakapovuka mto, akujalie umkute mzima yule uliyemfuata.