Paka wa Bibi na Mafuta ya Taa

Juzi paka wa binti yangu alijilamba tumbo mpaka manyoya yakaisha. Nikamtia kwenye kikapu cha sokoni, nikampeleka kwa daktari wa mifugo, Buguruni. Nilipouliza kama nimpake mafuta ya taa, kama tulivyokuwa tukifanya kwetu, daktari aliacha kuandika.

"Dada, unataka kumuua? Viroboto wanamuwasha, ndiyo maana anajilamba. Chochote utakachompaka, atakila."

Nilikuwa nimesharudi Kariakoo, utotoni.

Kama na wewe umekulia nyumba ya kupanga, ya kwetu unaijua: vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani. Bibi yangu aliuza mchele na maharage barazani, na magunia yalilala chumbani pamoja nasi. Mpaka leo nikisikia harufu ya mchele mpya nausikia na usingizi. Paka tulimfuga kwa ajili ya panya. Wa mabaka, hana hata jina.

Kila Ijumaa, nikimaliza kupiga deki, nilichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa ya jiko la mchina, nikamsugua mwili mzima ili viroboto wafe. Nikimwachia tu, alikaa kizingitini akajilamba kutwa, tumbo na mapaja, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Na sisi tukamsifu! Jirani wa chumba cha pili, muuza dagaa, alikuwa hanikosi:

"Mwone mwenzio anavyojitakatisha. Wewe hiyo shingo umeisugua lini?"

"Mwache mjukuu wangu," Bibi akasema. "Paka akijilamba hivyo, kuna mgeni anakuja."

Bibi aliamini hivyo kabisa. Paka akizidi kujilamba, naye alizidisha mchele sufuriani. Mgeni haji, tunakula kiporo na chai ya rangi, kesho yake paka anajilamba tena, mchele unazidishwa tena. Watu wazima wote wale, hakuna hata mmoja aliyemgeuza paka akamtazama tumbo.

Mwishowe akaacha kula, udenda ukawa unamtoka. Tulimkuta amekufa nyuma ya magunia. Bibi akasema ni uzee.

Uzee gani! Nina hasira, tena sizifichi. Lakini nigombane na nani? Bibi yuko kaburini. Muuza dagaa sijui alihamia wapi. Nyumba imevunjwa, pamesimama ghorofa la maduka ya simu, na pale uani nilipomzika wamejenga ngazi. Nimebaki mimi, na mkono uliosugua ni wangu.

Kuna kitu sijamwambia hata daktari. Ijumaa zile, paka aliponusa mafuta, alirudi nyuma akajikunja ukutani. Sikuwahi kumkamata kwa nguvu. Nilikaa chini nikamwita kwa sauti ya upole, naye alinitazama kidogo, kisha akaja mwenyewe, akapanda mapajani.