Jeli ya Mama Imetoka kwa Kamba na Kaa

Admin, usiweke jina langu tafadhali, maana huku Minnesota Wakenya tunajuana hadi magari. Niko na miaka kumi na sita, naishi na mamangu Columbia Heights, sisi wawili tu. Kiswahili nilisomea Kenya hadi darasa la tano, mengine yote nimesomea huku kwa Kiingereza. Mimi si mtu wa kuongea. Kuandika ndiyo naweza, kwa hivyo mnivumilie.

Sisi ni Wasabato, na mama hana mchezo na chakula najisi. Jirani aliwahi kutuletea wali wa kamba, wale wa baharini, ambao kwetu ni najisi. Mama akapokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akafunga mlango, akamwaga wote. Hata kijiko nilichokuwa nimeonjea akakitupa. Nikamwambia, "Mama, si nimeonja tu." Akasema, "Kuonja ni kula kwa woga."

Sasa shida yangu ni nywele. Za mama zilikatika pembeni kwa sababu ya dawa za kunyoosha na hii baridi kavu ya huku, akawa mtu wa kilemba hata ndani ya nyumba. Halafu akapata jeli fulani, kopo lina picha ya jani. Akajipaka miezi, nywele zikaacha kukatika, zikajaa. Jumapili huwa anasuka akina mama wa kanisa hapo sebuleni kwetu, nao akaanza kuwapaka. Sabato moja akasimama mbele bila kilemba, akalia: "Mungu ametumia majani yake kunirudishia taji langu." Kanisa lote likasema amina.

Wiki iliyopita mwalimu wetu wa kemia akatufundisha kuhusu kitu kinaitwa kitosani. Alisema maganda ya kamba na kaa yanayotupwa na viwanda husafishwa kwa dawa mpaka ubaki unga, ndio hiyo kitosani, na ukitiwa kwenye jeli unafunika unywele kama utando mwembamba, unyevu hautoki. Hilo jina nalijua. Huwa nalisoma kwenye kopo la mama nikimngoja amalize kusuka.

Aliyeketi nyuma yangu ni Kemunto (si jina lake), tunasali naye, na mama ndiye humsuka, kwa hivyo hilo kopo analijua pia. Akaniinamia sikioni. "Wee! Kumbe mama yako anatupaka supu ya kamba kichwani? Na vile alilia!" Akacheka mpaka mwalimu akamwangalia. Baadaye kwenye korido hakuwa anacheka. "Mwambie kabla ya Sabato, ama nitamwambia mamangu." Mamake ndiye kiongozi wa akina mama kanisani.

Nimejaribu. Tukiwa kwa gari tukitoka Roseville nikasema, "Mama, ile jeli..."

"Imeisha? Usijali, nimekuwekea kopo jipya la ubatizo wako." Tukafika kwa taa nyekundu, akashusha kile kioo cha juu, akajishika nywele za pembeni mwa uso. "Ona mamako. Nimekuwa msichana tena."

Nikaangalia dirishani mpaka nyumbani.

Najua wengine mtasema kupaka si kula. Mimi pia nimejiambia hivyo. Lakini nyinyi hamkuona kile kijiko kikienda kwa takataka. Mama akijua, atanyoa. Namjua, atanyoa zote, halafu asimame tena mbele ya kanisa kuomba msamaha kwa kila kichwa alichogusa. Na nikinyamaza, atasikia kwa Mama Kemunto, watu wakimtazama.

Nabatizwa Sabato hii. Ijumaa, kabla jua halijazama, nitakaa chini, kichwa changu katikati ya magoti yake, na nitasikia akifungua kile kifuniko. Nimwambie hapo? Ama nimwache anisuke kwanza? Nielekezeni, tafadhali, mimi nimeshindwa.