VM ya kaka yangu ilivyokuwa ikichukua barua za mama

Wakuu, nawasalimu kutoka Goma. Haya yametokea nyumbani kwetu Mapendo, sijaongeza chumvi. Wale wa "weka picha" mnisamehe, siweki.

Mimi ni fundi kompyuta. Kaka yangu Baraka alitaka kujifunza, ila kila alichogusa kiliharibika. Nikamtengenezea VM, yaani kompyuta ya bandia inayoishi ndani ya yangu. Nikapiga snapshot, yaani picha ya hali yake ya wakati ule, nikaiseti kila ikizimwa irudi palepale. Avunje atakavyo, kesho anaikuta nzima.

Snapshot hiyo niliipiga asubuhi ya siku ambayo volkano ililipuka jioni. Kwenye skrini kulikuwa wazi ukurasa wake wa mazoezi, wenye mstari mmoja: "Ni mimi Baraka, niko hapa."

Moto tuliukimbia, tukarudi, nyumba tukaikuta imesimama.

Kilichomchukua Baraka ni vita. Alienda Kiwanja kumfuata mke wake, waasi wakafunga barabara. Mara ya mwisho alipiga simu akiwa Kalengera. Mkewe alifika Goma na wakimbizi wengine, hakuwa amemwona.

Mama akakataa matanga. Mwaka ukapita, bado anakataa. Hata kwa majirani hatoki, eti Baraka asije akakuta mlango umefungwa.

Mchana mmoja narudi kutoka kazini, nasikia keyboard inagongwa chumbani. Mama aliwahi kuwa karani, kupiga taipu anajua. Amekaa mbele ya VM ya Baraka, na humo ndani bado ni asubuhi ile, mlima haujalipuka.

"Papa, usiogope," akaniambia. Mimi mwanawe ndivyo anavyoniita. "Ninamuandikiaka Baraka. Kila nikirudi, ninakuta amebeba barua, ameniachia tu ile neno yake: niko hapa."

Wakuu, nywele zilinisimama. Kuna sekunde kadhaa niliamini kabisa, mimi fundi mzima.

Halafu nikakumbuka ile setting: kila ikizimwa, chochote kilichoandikwa kinafutika. Nikatoka uani nikalia.

Wiki nzima sikulala vizuri. Nikimwambia, ni kama namzika Baraka kwa mikono yangu. Nikinyamaza, mama ataozea kwenye kile kiti. Mwisho nikafanya jambo la woga: nikaiondoa setting kimyakimya.

Siku hiyo akaandika, akazima kama kawaida. Kesho yake akawasha, mimi nimesimama mlangoni.

Barua ilikuwepo yote, chini ya ule mstari wa Baraka.

Akaisoma polepole hadi mwisho, kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Nilimwona akigusa skrini kwa kidole.

"Leo hakubeba," akasema.

Akajifunika kitenge kichwani.

"Ita watu, papa. Tulie mutoto wetu."

Baada ya matanga nilithubutu kuisoma ile barua ya mama. Alikuwa anamuuliza Baraka kama huko aliko kuna baridi, na kama ule mguu wake bado unamuuma.

Nilichojifunza si cha VM. Habari ile nilitakiwa kumpa mama kwa mdomo wangu, nimemshika mkono. Nikaiachia mashine imwambie, mimi nikasimama mlangoni.

Yupo humu aliyewahi kupeleka habari ya namna hii nyumbani? Niambieni mlianzaje. Na anayetaka kunitukana anitukane tu, nitasoma zote.