Koko Anangoja Kuitikiwa

Juzi nilitoka Kitengela na wanangu, tukaenda Kajiado kutembea kama watalii. Tulipofunguliwa mlango wa ile posta ya zamani, iliyojengwa wakati wa mkoloni, harufu ya nta ya sakafu ilinipata nikasimama hapo hapo.

Nilipokuwa mtoto, sakafu ile ilikuwa baridi chini ya nyayo zangu. Koko, nyanya yangu, alinishika mkono, shanga zake zikilia kila alipotembea. Shangazi, kitinda mimba wake, alikuwa amesafiri ng'ambo kusoma, na majirani walisema ameshasahau Kimaasai. Siku hiyo angepiga simu.

Karani alituita kwenye kibanda cha mbao. Koko akashika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kibuyu cha maziwa, akapaza sauti:

"Takwenya!"

Ndivyo wanawake wanavyosalimiwa kwetu, na wanawake wote kwenye foleni wakaitikia pamoja: "Iko!"

Karani alicheka. Koko akawageukia. "Si nyinyi," akasema. "Niko na wangu namngoja."

Akasalimu tena, polepole, akafumba macho. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko kilichomshinda. Akainama, akaniwekea simu sikioni, na kutoka mbali kabisa nikamsikia shangazi akimwitikia mama yake bila kuchoka: "Iko, yeyo. Iko. Iko."