Kibuyu cha Mama Vestina

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na tano asubuhi. Nina uhakika, kwa sababu saa ya baba ilikuwa mkononi mwa mama, na mimi nilikuwa nimejifunza kusoma mishale wiki chache kabla, kwa hiyo niliisoma kila nilipopata nafasi. Mengine ya siku ile nimeyapanga na kuyapangua kichwani mara nyingi, na huenda mengine nimeyakosea. Saa sijaikosea.

Kinachonirudisha pale ni harufu. Juzi nilikwenda Kicukiro kumtazama mgonjwa, na mwenye nyumba akaniletea ubushera, kile kinywaji cha mtama ambacho si pombe na ambacho watu wa nchi hii humpa mtoto, mgeni na mgonjwa bila kubagua. Una harufu ya unga uliochacha kidogo na ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Kabla ya kunipa, yule mama alipiga funda moja mwenyewe, mbele ya macho yangu, kisha akaninyooshea. Ndiyo desturi: anayetoa huonja kwanza, ili anayepokea ajue kwamba hakuna sumu. Nilipokea na kunywa. Ila mkono wangu ulichelewa kidogo, na sikuweza kumweleza sababu.

Sababu ni hii ninayowaandikia.

Mwaka 1992 nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Nyamirambo, chumba na sebule, nyuma ya duka la fundi cherehani. Baba alikuwa dereva wa lori la kwenda mpakani upande wa kaskazini, lakini vita vilikuwa vimeifunga barabara ile, na lori lilikaa karakana hadi majani yakaota kwenye matairi. Baba alikwenda kulitazama kila asubuhi na kurudi adhuhuri.  Ramadhani ilipoingia mama alianza kuchemsha magimbi kwa mchuzi wa karanga na kuyauza mlangoni kuanzia saa kumi na moja jioni, kwa wale waliorudi kazini wamechelewa kupika futari.

Siku tisa za kwanza alinunua magimbi kwa wachuuzi wa mtaani, na faida ikabaki kwao. Ndipo mteja mmoja akamwambia kwamba wakulima wenyewe hushuka na magimbi hadi ukingo wa mto Nyabarongo, Jumanne na Jumamosi, na huko bei ni nusu. Jumamosi ile, siku ya kumi ya mfungo, mama aliazima saa ya baba, akakunja gunia, akaniambia nivae viatu vya mvua. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika sokoni huko.

Lazima niseme jinsi nilivyokuwa. Ule ulikuwa mfungo wangu wa kwanza kamili. Baba alikuwa ameniahidi faranga ishirini kwa kila siku nitakayoimaliza, nizipokee zote siku ya Idi, na mimi nilikuwa nimefunga uzi mwekundu wa cherehani kwenye kifundo cha mkono, kila magharibi naongeza fundo moja. Asubuhi ile ulikuwa na mafundo tisa. Nilikuwa na majivuno mengi, na nilimwonyesha uzi kila mtu, hata watu ambao hawakujua Ramadhani ni nini.

Tulishuka kwa njia ya migomba, mvua ya usiku ikitiririka pembeni mwa miguu yetu. Katikati ya mteremko palikuwa na kizuizi: mti uliolazwa njiani na askari wawili. Mama alitoa kitambulisho chake, kilichoandikwa na kabila lake. Mmoja alikisoma pande zote mbili, akamtazama usoni, akakisoma tena, akakirudisha. Tulipofika mbali kidogo mama aliachia mkono wangu, na hapo tu nikajua kwamba alikuwa ameukamata.

Nilitarajia soko lenye meza na mabati. Hapakuwa na hata bati moja. Lilikuwa bonde lenye tope, mafunjo yamekatwa kwa panga na kulazwa chini ili watu wasizame, na mto mkubwa wa rangi ya matofali ukipita kimya na visiwa vya majani vikielea juu yake. Mitumbwi ya gogo ilitoka ng'ambo imesheheni hadi maji yanakaribia kuingia. Wakulima walishusha mizigo na kuipanga juu ya majani ya migomba: viazi vitamu vyenye udongo, mafungu ya mchicha, ndizi, miwa mirefu kuliko mimi. Kila kitu kilinuka tope na utomvu. Watu walizungumza kwa sauti ya chini kuliko nilivyozoea mjini. Walizungumza Kinyarwanda, nami nayaandika maneno yao kwa Kiswahili.

Mama alipita mara moja bila kununua, kama kawaida yake, akilinganisha. Mwishoni kabisa, karibu na maji, alikaa mwanamke mwenye umri wa kama bibi mdogo, amefunga kitambaa cheupe kichwani. Magimbi yake yalikuwa mazuri kuliko yote, makubwa, yameoshwa mtoni. Nikaona kitu ambacho mama pia lazima alikiona: mafungu ya wengine yalikuwa yamepungua, yake yalikuwa mazima. Hakuna aliyesimama mbele yake.

"Gunia zima unalitoa kwa kiasi gani?" mama akauliza.

Yule mwanamke alitaja bei. Ilikuwa ndogo hata mama hakuomba kupunguziwa. Alisema anaitwa Mama Vestina, na kwamba mama akija kila soko atamwekea ya kuchagua, mwezi mzima na baada yake. Mama alitabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu mwezi uandame. Walijaza gunia pamoja. Lilipojaa, Mama Vestina aliinama nyuma yake akatoa kibuyu chenye mrija, kilichofunikwa kwa jani.

"Biashara yetu ya kwanza," akasema. "Na mtoto ametembea."

Alivuta funda moja, akameza ili tuone, akafuta mrija kwa kiganja, akaninyooshea mimi.

Hiyo ndiyo saa mbili na dakika kumi na tano.

Nilirudi nyuma hatua moja na kuziba mdomo kwa ncha ya mtandio. "Sitaki," nikasema.

Nilitaka kusema nimefunga. Niliongeza neno hilo baadaye kidogo, lakini lile la kwanza lilikuwa limeshasikika. Karibu nasi alisimama muuza miwa, kijana mwenye panga, na alikuwa mtu wa kupenda kusikilizwa.

"Mmeona?" akawaambia wenzake. "Mtoto wa mjini ana akili kuliko mama yake. Habari zimeshavuka mto."

"Habari gani?" mama akauliza.

"Muulize shemeji ya huyu mama. Akikujibu kutoka kaburini, uje utuambie na sisi."

Watu walicheka, lakini kwa namna ya watu wanaojaribu kutotazamana. Wawili waliokuwa wakikaribia wakageuza miguu.  Mama Vestina alikuwa bado amenyoosha kibuyu.

"Nimeonja mbele yenu," akasema. "Wote mmeniona." Kisha akanigeukia, kwa upole: "Mwanangu, umeniona?"

"Nimefunga," nikasema.

"Mtoto mdogo hivi anafunga nini?" akauliza mwanamke mmoja nyuma yetu. "Hicho ni kisingizio. Wamemwambia."

Nilielewa kiasi. Nilielewa kwamba wanamwita mchawi wa sumu, kwamba kibuyu hicho kikirudi bila kunywewa hapo mbele ya watu, hakuna tena atakayenunua hata gimbi moja kwake, Jumamosi hiyo wala nyingine. Hata mtoto aliweza kuliona hilo, kwa namna soko zima lilivyokuwa limesimama. Ila niliona pia kwamba halinihusu. Mimi nilikuwa na mafundo tisa.

Mama alinitazama. Alifungua kinywa kama mtu anayetaka kuagiza jambo. Macho yake yakashuka hadi kwenye uzi wangu, yakakaa hapo, na kinywa chake kikafumba.

"Lete, Mama Vestina," akasema. "Mtoto huyu ni mkaidi. Nitakunywa mimi."

Alishika kibuyu kwa mikono miwili, akasema bismillahi kwa sauti ya kunong'ona, akanywa. Nilidhani angegusa mdomo tu. Alikunywa hadi mrija ukakoroma. Kisha akakigeuza juu chini, tone moja likaanguka kwenye mafunjo, akamrudishia mwenyewe.

"Mtama wako ni mzuri," akasema. "Nilikuwa na kiu."

 Muuza miwa aliinama akaendelea kumenya. Baada ya muda mwanamke yule yule aliyesema kisingizio alisogea, akapima gimbi moja mkononi, akauliza bei. Mama Vestina alimjibu kwa sauti ya kazi, kisha akatuongezea magimbi manne juu ya gunia.

Njiani kupanda mama alibeba gunia kichwani, nami nilitangulia mbele kwa hasira. Nilikuwa nimemwona mama yangu akinywa mchana wa Ramadhani, mbele ya watu, hadi mwisho wa kibuyu, na akisema ana kiu.  Siku nzima hakula wala kunywa tena. Alipika magimbi akimwonjesha fundi cherehani, ambaye hakufunga kwa sababu ya ugonjwa, mimi nikimpeleleza kama askari wa kizuizini.

Magharibi baba alifuturu kwa tende, nami nikafunga fundo la kumi. Kisha nikasema nilichokuwa nimekibeba.

"Baba, leo mama amekunywa mchana."

Baba alimtazama mama.

"Ni kweli," mama akasema, akaendelea kupakua mchuzi.

Nilingoja. Baba alitafuna tende yake polepole, akatoa kokwa, akaiweka kwenye sahani. "Na wewe ulifunga?" akaniuliza.

"Nilifunga."

"Basi kula."

Jambo hilo halikuzungumzwa tena nyumbani kwetu. Mama alirudi mtoni kila Jumanne na Jumamosi, na magimbi ya Mama Vestina yalitulisha Ramadhani ile na miezi mingi iliyofuata, hadi mitumbwi ilipoacha kuvuka. Mimi sikutaka kwenda tena. Nilikuwa nimeamua kwamba mama yangu ni mtu dhaifu, na niliishi na uamuzi huo miaka miwili, kwa adabu zote, bila kumwonyesha.

Mama alifariki mwezi wa tano mwaka 1994. Sitaandika hapa namna. Mama Vestina sikupata habari zake, na soko lile halikurudi. Kwa muda mrefu baada ya mwaka ule hatukula kitu chochote kilichotoka mtoni, kwa kukumbuka maiti waliopita humo.

Shule niliiacha mapema, na ninachokijua nimekisoma peke yangu, kwa vitabu vya mitumba, nikipiga mistari kwa penseli. Nilikuwa na miaka thelathini na moja nilipofika kwenye kitabu cha sheria za saumu. Ukurasa ule nimeukunja. Unasema kwamba mtoto ambaye hajabaleghe halazimiki kufunga. Akifungua hana kosa wala deni, na hakuna atakachoulizwa. Mtu mzima, mwenye afya, aliye mjini kwake, analazimika.

Nilikaa na kitabu kile mapajani hadi chai ikapoa. Mama alisoma chuo cha Kurani miaka saba. Jambo hilo hufundishwa watoto mwaka wa kwanza. Pale mtoni alikuwa na njia nyepesi mbele yake: aniambie, "Kunywa, Zuhura." Ningelia, ningepoteza fundo moja, heshima ya yule mwanamke ingesimama vile vile, na mama angerudi nyumbani na saumu yake. Hilo ndilo neno lililofika mdomoni mwake kabla hajautazama uzi wangu. Alichagua kuharibu saumu yake iliyo ya lazima ili ibaki ya kwangu isiyo ya lazima, kisha akakubali kushtakiwa nayo mezani kwake, na mtoto yule yule.

Nimetafuta kwenye vitabu vyangu kama alikuwa na ruhusa. Sijaipata. Nadhani yeye pia alijua kwamba haipo. Wala sijui kama aliilipa siku ile. Sikuwahi kumwuliza, na wa kumwuliza hayupo. Kwa hiyo kila mwaka, wiki moja baada ya Idi, mimi hufunga siku moja kwa niaba yake. Nimesoma kwamba mtoto anaweza kumlipia mzazi, na kwamba mara moja inatosha. Nimeshafanya mara kumi.

Mwaka ule mwezi uliandama jioni ya siku ya ishirini na tisa ya mfungo. Asubuhi ya Idi baba aliunyoosha uzi wangu mezani na kuhesabu mafundo, na kwa kila fundo akaweka sarafu ya ishirini. Mama alikuwa ameshona kifuko cha kitenge cha kuzitia, chenye kamba ya kuvuta, na alisimama nyuma yangu akaniambia nihesabu tena mwenyewe, nisije nikapunjwa. Nilihesabu tena. Faranga ishirini kati ya hizo, za fundo la kumi, zilikuwa zake. Nilizitia zote kwenye kifuko: faranga mia tano na themanini.